Ishirini na Nne kwa Sekunde

Feni nambari tatu ya kinu cha unga, Shimanzi,
imekula beringi nne tangu Rajabu.
Fundi Mwachofi amezipanga dirishani kama meno yaliyong'olewa,
na kila mgeni humwonyesha:
"Hii ilimaliza wiki tano. Hii, siku tisa."

Nilifika na sumaku, waya na kisanduku changu cha kusomea.
Akanitazama. Akachukua bisibisi ndefu,
ncha kwenye gamba la beringi, mpini sikioni,
akafumba macho.
"Analia," akasema, "lakini si yeye mgonjwa."

Nikabandika sumaku. Kioo kikachora nyasi fupi fupi,
kisha mnazi mmoja, umesimama peke yake
penye ishirini na nne.
Mizunguko ishirini na nne kwa sekunde, ndio mwendo wa feni.
Hilo halikunishangaza. Kila kizungukacho kina kombo lake,
gramu chache za unga zilizoganda kwenye ubapa mmoja,
nalo huita kila linapopita juu.
Nilitaka kujua nani anaitika.

Tukaizima. Nikaomba nyundo ya mpira,
nikaligonga jukwaa la chuma mara moja tu,
kama mtu abishaye hodi nyumba asiyoijua.
Likajibu: ishirini na nne.

Kila kitu kina mtetemo kilichozaliwa nao,
sufuria, nguzo ya taa, daraja la Nyali, jino.
Kiulize jambo jingine, kitanuna.
Kiulize hilo lake, kitakujibu mpaka kivunjike.

Watu hudhani chuma huvunjwa na nguvu.
Nenda Makadara siku za Idi, tazama pembea:
kitoto cha miaka sita chamrusha kakake mnene
hadi usawa wa paa,
kwa vidole, kwa kusubiri tu
arudi, asite, ndipo amsukume.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Lakini haba ijayo kwa zamu yake bila kukosa
kibaba hukipasua.

"Hapa palikuwa na chuma cha mshazari,"
Mwachofi akasema, akipapasa kovu la rangi.
Walikikata ili toroli lipite.
Lini?
Akahesabu kwa vidole, akaacha. "Rajabu."

Bwana Hemraj alikwisha agiza beringi ya tano, ya Ujerumani.
Tukachomelea chuma kipya, mita moja na nusu.
Nikaligonga jukwaa: thelathini na saba.
Feni ikawashwa, ikaita, ikaita,
na glasi ya maji niliyoiweka sakafuni
haikufanya hata kunyanzi.

*

Baba alishika grainda miaka ishirini na sita kule Mbaraki,
akikwangua kutu kwenye matumbo ya meli za watu.
Asubuhi za mvua vidole viwili humgeuka vyeupe.
Mkono wa kulia haujaambiwa kwamba alistaafu.
Kahawa humwagikia kanzu. Husema kikombe kimejaa mno.
Kikombe hutiwa nusu.

Niliwahi kumpima. Si yeye hasa, sikuthubutu:
nilibandika sumaku chini ya meza ya bati
alipoegemeza kiwiko.
Nyasi, kisha mnazi. Mitano kwa sekunde.
Nikafuta.
Mwili hauna pa kuchomelea.

Ila kitu kikiongezwa uzito hutetema kwa uvivu,
hilo limo kwenye hesabu, ukurasa wa kwanza.
Nikamwomba Mwachofi kipande cha chuma cha pua,
akakikereza kikawa kikombe, kilo kasorobo,
hakuniuliza cha nani.

Baba alikipokea, mkono ukamshuka ghafla
kama aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.
"Kikombe hiki," akasema, "au nanga?"
Akanywa, akinung'unika.
Nami kiganja changu kilikuwa juu ya meza,
kimelala, kinasikiliza.